Jino la Mokhele

Hapa Mafeteng watu husema Mokhele ana uso wa ukuta. Apate ng'ombe, afiwe na ng'ombe, uso ni ule ule. Rafiki yake Seabata alikuwa akiwacheka. Miaka kumi na tisa wamecheza morabaraba, mchezo wa kete ubaoni, nje ya kibanda changu cha kushonea viatu, na kabla Mokhele hajagusa kete, Seabata alikwishajua inakwenda wapi. Alimfunga apendavyo.

Kisha kwenye harusi moja Seabata akasema, mbele ya wakwe, kwamba blanketi alilojitanda Mokhele limetafunwa na mbuzi mwenye haraka. Watu wakacheka. Mokhele akaondoka akiacha nyama sahanini. Wiki tatu hawakusalimiana.

Mashindano ya wilaya yakawakutanisha. Mokhele alikuja shavu limetuna, mdomo kaubana, jicho moja nusu limefumba. Seabata akaninong'oneza kuwa jamaa kajaa kiburi, tena anamdharau kwa jicho moja, kaona mawili ni mengi kwake. Kila Mokhele alipokunja uso, Seabata aliona mtego, akarudi nyuma. Akakimbia mitego isiyokuwapo hadi akabaki na kete mbili, zisizotosha kuendelea, mchezo ukaisha.

Mwamuzi, mgeni kutoka milimani ambaye hakuwahi kuwaona kabla ya asubuhi ile, akampongeza Mokhele, kisha akamgeukia Seabata.

"Ntate, mpeleke mwenzio zahanati. Jino litamuua huyu."

Seabata akamsogelea Mokhele.

"Ni jino?"

"Siku ya nne leo."

"Sasa mbona hukuniambia, bwana?"

"Lini nimewahi kukuambia kitu? Wewe huwa unaona."

Seabata akamshika mkono, nami nikawafuata. Kule zahanati muuguzi aliuliza mgonjwa ni yupi, maana aliyekuwa akitetemeka ni Seabata.

Mokhele alitoka na pamba mdomoni. Seabata akamwomba radhi kwa habari ya blanketi, kwa kirefu, kofia mkononi. Mwenzake alimtazama tu. Njiani Seabata akaniambia kwa furaha kwamba amesamehewa. Nikamuuliza amejuaje, na mtu hakutamka neno.

"Nimemwona usoni," akasema.

Kesho yake nilimpelekea Mokhele uji, nikamuuliza kama ni kweli amesamehe. Akanywa vijiko viwili kwanza.

"Bado nafikiria," akasema.