Baada ya Salama

Mwalimu Tekla alistaafu ualimu mkuu, lakini ukuu wenyewe ulikataa kustaafu. Hata pale Iringa, kwenye kikundi cha wastaafu wanaojitolea kuwapigia simu wazee wanaoishi peke yao, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumaliza orodha yake. Wazee kumi na wawili, dakika tatu tatu, na kila mmoja tiki kwenye daftari: mzima, mzima, mzima. Mwenyekiti wao, Mzee Vitus, alimsifu mbele ya wenzake, na Tekla akajifanya hajali. Alijali sana.

Wa nne kwenye orodha alikuwa Bibi Shamsha wa Mwanjelwa, Mbeya, mjane wa miaka sabini na tisa aliyeishi ghorofani, juu ya duka lililokuwa la marehemu mumewe. Alizaliwa na kukulia Iringa, baba yake akiuza vitambaa, na Kihehe alikisema sawasawa na Kigujarati cha kwao. Ndiyo maana alipoulizwa anataka kupigiwa na nani, alijibu mtu yeyote, mradi amsalimie kwa Kihehe, "kamwene". Mwanawe Moiz, anayeishi Dar es Salaam, alikubali kwa shingo upande. Mama alikwisha kuanguka mwaka jana. Akianguka tena, Moiz alisema, atamfungia virago na kumhamishia kwake, wala hakuna mjadala.

Jumanne ile, saa moja na robo asubuhi, Tekla alipiga.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu."

"Habari za kuamka?"

"Salama."

"Za nyumbani?"

"Salama."

"Umekwisha kunywa chai?"

"Bado."

"Haya, kanywe. Siku njema."

Tiki. Akampigia wa tano, Mzee Ezekia wa Igawa, kisha wa sita. Alipofika kwa wa saba, kalamu ilikataa kwenda. Lile "bado" lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwa miezi minane Bibi Shamsha hajawahi kufika saa moja na robo bila chai. Huinywa mara tu baada ya swala ya alfajiri, ya maziwa na tangawizi, na zamani, orodha ilipokuwa fupi, alikuwa akimsimulia Tekla mpaka namna anavyoiponda tangawizi yenyewe.

Halafu akamkumbuka mama yake mzazi. Siku ile Tekla alipofika nyumbani Kilolo kutoka chuoni, mama alimwitikia: nyumbani nzuri, shambani nzuri, ng'ombe wazima. Ndipo akasema, ila kaka yako ametutoka. Ndivyo tulivyo. Kwetu salamu ni mlango tu, habari yenyewe imekaa ndani, na aliyeishia mlangoni asijidai kwamba amefika. Tekla alilijua hilo kabla hajajua kusoma, na leo ameishia mlangoni kwa ajili ya tiki.

Akapiga tena. Alitamani kuuliza moja kwa moja, lakini alijua asipoanza mwanzo hatapata kitu. Kamwene. Kamwene. Akapita njia yote bila kuruka: kuamka, nyumbani, baridi ya Mbeya, majirani, wajukuu. Salama, salama, wote salama. Kisha akanyamaza, jambo ambalo hakulizoea.

"Ila," akasema Bibi Shamsha, "nimekaa hapa sakafuni jikoni tangu jana magharibi. Mguu hauniitikii."

"Bibi, mbona hukuniambia mara ya kwanza?"

"Nilikuwa nakuja huko huko, mwanangu. Ukakata."

"Na hukumpigia mtu yeyote?"

"Nimpigie nani? Yeyote wa hapa nikimwita, kabla ya adhuhuri Moiz amejua. Nikasema moyoni, asubuhi Tekla atapiga, nitamwambia yeye."

Tekla aliona aibu, ile ya kuchoma masikio. Akampigia Lutengano, fundi cherehani aliyepanga duka la chini, ambaye namba yake ilikuwa daftarini. Lutengano akapanda na nyundo, akavunja komeo. Ilipofika saa tano alimpasha habari kutoka hospitali kwamba nyonga haina neno, kifundo cha mguu ndicho kilichoteguka, na bibi anadai chai.

Akabaki Moiz. Kanuni ya kikundi ni kwamba ndugu lazima waambiwe, na Tekla akamwambia.

"Asante sana, Mwalimu," Moiz alisema. "Umemwokoa mama."

Angeweza kuishia hapo. Ile simu ya kwanza hakuna aliyeijua.

"Sikumwokoa," Tekla alisema. "Saa moja na robo nilimpigia, nikamwandika mzima, naye yuko sakafuni. Nilikuwa na haraka."

"Basi ndiyo sababu namchukua. Hata nyinyi hamwezi kujua."

"Huko kwako atashinda na nani?"

"Kuna dada wa kazi. Sisi tunatoka asubuhi, tunarudi jioni."

"Mama yako amelala sakafuni usiku kucha kwa kuogopa kuhamishwa, Moiz. Mchukue ukitaka. Atakuitikia salama kila siku mpaka anakufa, na lile la baada ya salama hutalisikia."



"Mpaka Idi," Moiz alisema hatimaye. "Tutaangalia mpaka Idi. Na Lutengano apewe ufunguo."

Jioni ile Tekla alimrudishia Mzee Vitus majina manane, akabaki na manne. Safari hii Vitus hakumsifu.

Alhamisi, bibi akiwa amesharudi Mwanjelwa, Tekla alivuta kiti kwanza ndipo akapiga. Kamwene. Kamwene. Kuamka salama, nyumbani salama, chai amekunywa, mguu nao haujambo. Daftari lilikuwa limefungwa.

"Ila?" Tekla akauliza.

Upande wa pili kikombe kiliwekwa mezani.

"Ila niliogopa, mwanangu. Usiku ule niliogopa sana."