Jiwe Lililomshinda Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kututembelea kwa wiki mbili, na kufikia siku ya tatu nyumba ilikuwa imekwisha kung'aa. Vioo, mapazia, hata swichi za taa. Mtu aliyefagia wodi za hospitali miaka thelathini hajui kukaa. Hupenda kusimulia jinsi madaktari walivyompita kila asubuhi bila salamu, kana kwamba pale limesimama fagio tu, na kila akisimulia hukikunja kitambaa alichoshika mara nne.

Kwa hiyo mwenye makosa ni mimi. Nilikwenda kazini nikamwacha peke yake na tangi langu la samaki wa baharini.

Ndani yake alikuwamo Meneja, samaki wa njano niliyemfuga miaka sita, ambaye shughuli yake ni kuzunguka na kukodolea watu macho. Yalikuwamo pia mawe tisa ya baharini, ya kahawia, yenye utelezi, mabaya kweli kuyatazama. Niliporudi mchana yalikuwa manane, meupe pee, na sebule nzima ilinuka dawa ya madoa. Meneja alikuwa juu ya maji, anahema.

"Nimekusaidia, mwanangu," akasema mama mkwe. "Uchafu ule ungewaletea maradhi."

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikauliza kwa adabu zote jiwe la tisa liko wapi. Akaona haya. Lile lilikuwa limemshinda. Alilisugua mpaka mkono ukafa ganzi, akaliacha kwenye ndoo yenye maji ya zamani ya tangi, aje alimalizie kwa dawa kesho.

Sijawahi kukimbilia ndoo namna ile. Nilimtia Meneja humo pamoja na pampu ya hewa, kisha nikakaa sakafuni.

Mama mkwe akataka kujua kosa lake. Nikamweleza taratibu kwamba kwenye vitundu vya jiwe wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Uchafu wa samaki hugeuka sumu majini, nao huila sumu ile bila kupumzika. Wakifa wao, samaki naye hufa, hata maji yawe meupe namna gani.

Kitambaa kikakunjwa mara nne.

"Basi nimewaua wafagiaji wenzangu."

Nilimwonea huruma, hasira zikaisha zenyewe.

Siku mbili Meneja hakula. Ya tatu akala, akaanza kuikagua ndoo. Tuliosha tangi na yale mawe manane mpaka harufu ya dawa ikaisha, tukajaza maji mapya ya chumvi, tukamrudisha pamoja na jiwe lake. Wiki mbili za mama mkwe zikawa sita, maana hakukubali kuondoka kabla mawe meupe hayajaanza kuchafuka tena. Kila asubuhi aliyachungulia, akiomba utelezi.

Siku ya safari, teksi ikipiga honi nje, tuliagana mlangoni, halafu akarudi ndani. Nilidhani amesahau mkoba. Alimpita Meneja bila kumtazama, akainama mbele ya jiwe la tisa.

"Poleni na kazi," akasema.