Mshauri wa Wawili

Kinyozi alikung'uta nywele zilizobaki kwenye shuka, akamfunga mteja mwingine shingoni, kisha akamwomba marehemu mkewe asogee kidogo, maana alikuwa amekinga kioo. Mkewe alisogea bila kinyongo, mkono ubavuni. Wateja walimsalimia, "Habari za leo, shemeji," lakini hawakungoja jibu. Tangu azikwe hakuwa amesema neno, na wote walishazoea.

Kinyozi ndiye hakuzoea. Alimpenda mno mwanamke yule, na kumwona kutwa nzima ameshika ubavu kulimkata maini. Akawa anamtazama yeye badala ya wembe, akajeruhi sikio la mtu, kisha la mwingine. Dada yake akamwambia atafute mshauri wa mambo ya moyo kabla hajabaki na wateja wa ndevu tu, tena asing'ang'anie wa kwanza kwa sababu ya cheti cha ukutani.

Mshauri wa kwanza alimwomba marehemu asubiri nje, kwa kuwa miadi ilikuwa ya mtu mmoja. Kisha akazungumza yeye, mwanzo hadi mwisho, na kinyozi akatoka akiyajua vizuri matatizo ya mshauri na mama mkwe wake. Wa pili, kijana mpole, aliwafundisha kuvuta pumzi. Marehemu naye alivuta, kwa adabu tu. Wakati wa kuagana kijana alimnong'oneza kinyozi kwamba sasa amwache mama aende zake. Kinyozi aliona aibu, kwa sababu mama alisikia.

Ofisi ya mshauri wa tatu ilipakana na zahanati, ukuta mmoja. Alikuwa mama wa makamo, vifungo vya sweta lake vimekwenda upande. Alipowaona wako wawili alikwenda kuazima kiti chumba cha jirani, akakipangusa. Walipokaa, alimgeukia mwanamke kwanza.

"Mama, unaumwa wapi?"

Swali lile hakuna aliyewahi kuliuliza. Alipougua, zahanati walimwambia asubiri, wanawake hukuza mambo. Na kinyozi mwenyewe, siku hiyo wateja wamejaa, alimwambia ajikaze.

"Hapa," alisema marehemu, sauti ikikwaruza. "Nilisema tangu Jumatatu."

"Tuambie basi, tangu Jumatatu."

Akasimulia yote, taratibu. Kinyozi alilia waziwazi, akamwomba radhi, akaushika ule mkono wa ubavuni. Mkewe alimwachia aushike. Mshauri hakutazama saa hata mara moja, na kinyozi akajua hatatafuta mwingine.

Nyuma ya ukuta mwanamke alisikika akisema anaumwa sana. Akajibiwa asubiri, ajikaze kidogo. Mshauri alitoka kwenda kuwagongea, akarudi ameambiwa kila ofisi ishike lake.

"Huyo naye atakuja," alisema marehemu. "Na mumewe."

Mshauri alitikisa kichwa kukubali, akaenda kuazima viti vingine viwili.