Mama Mkwe na Injini Mbili

Fundi friji alikuwa haogopi umeme, haogopi gesi, wala haogopi kutambaa juu ya paa la ghorofa kufunga kiyoyozi huku upepo ukimvua kofia. Alichokiogopa duniani kilikuwa kimoja tu, nacho kilishuka kwenye teksi siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, kikiwa na mkongojo, masanduku mawili na mto wake mwenyewe wa kulalia.

"Shikamoo, Mama," alisema, akikimbilia masanduku.

"Marahaba." Mama mkwe alimtazama kuanzia utosini, akaishia miguuni. "Hivyo viatu ndivyo unavyoendea kazini?"

Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na binti yake, mke wa fundi, ambaye alikuwa muuguzi asiyekubali ubishi juu ya magoti, alikuwa ameamua apumzike kwao kwa wiki tatu. Mama huyo alifundisha fizikia shule ya wasichana miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amestaafu ualimu, lakini ualimu wenyewe ulikuwa haujastaafu. Katika miaka sita ya ndoa ya binti yake hakuwahi kumwita fundi mkwe wala mwanangu. Alimwita "bwana huyu", hata akiwa amekaa naye meza moja. Siku ya kwanza fundi alipokwenda kujitambulisha, alimuuliza friji inapozaje. Fundi akajibu kwamba friji haiingizi baridi, bali inatoa joto ndani na kulimwaga nje. "Angalau," alisema mama. Sifa nyingine hakuwahi kupata.

Sasa, nyuma ya nyumba, chini ya banda la mabati, fundi alikuwa na siri ambayo mtaa mzima uliijua. Ilikuwa gari la michezo la zamani, la viti viwili, la chini kiasi kwamba ukiingia unajikuta umekaa kabla hujamaliza kuinama. Lilikuwa jekundu enzi zake. Fundi alilitoa uani kwa daktari mmoja mzee, kuku wakiwa wametaga mahali pa injini. Akalitafutia injini ndogo ya petroli, kisha akapata mota na betri kutoka kwenye gari la haibridi, la petroli na umeme kwa pamoja, lililogonga ukuta, na tangu hapo hakulala vizuri. Alitaka kuvioanisha: petroli izungushe magurudumu ya nyuma, na mota ya umeme iunganishwe kwenye shafti hiyohiyo isaidie kusukuma. Kila Jumapili alikuwa humo bandani. Muuguzi aliliita gari hilo mke mwenza.

"Mama asilione," alimwomba mkewe.

"Lina urefu wa mita nne," alisema mkewe. "Utalificha wapi, chini ya kitanda?"

Siku ya nne, fundi akiwa amelala chali chini ya gari, aliona ncha ya mpira ya mkongojo ikisimama kando ya sikio lake. Ikafuatiwa na kandambili. Kulala chali mbele ya mama mkwe ni jambo ambalo hakuwa amejiandaa nalo, basi akainuka kwa adabu zote, na bamba la chuma likampokea kwenye paji la uso.

"Mchoro uko wapi?" aliuliza mama.

"Mchoro gani, Mama?"

"Wa nyaya."

"Uko kichwani."

"Hicho ulichokigonga sasa hivi? Toka huko uchore."

Alichora usiku huo kwenye karatasi mbili alizozibandika kwa gundi, akaacha mezani. Asubuhi alizikuta chini ya birika, zimejaa wino mwekundu. *Nne kati ya kumi. Mishale inaelekea wapi? Kila waya upewe jina. Thibitisha mpangilio wa nyaya tatu za mota. Mwandiko!*

Fundi alikunywa chai ikampalia. Alikuwa na miaka thelathini na minane, ana wafanyakazi wawili chini yake, na hapo amepata nne. Akarudia. Akapata tano na nusu. Akarudia tena, akapata saba, na siku hiyo alikwenda kazini akipiga mluzi, ingawa mtu akimuuliza sababu angekana. Ila lile neno la nyaya tatu hakulishughulikia. Kompresa za nyaya tatu alikuwa akizifunga tangu kabla hajaota ndevu. Zikizunguka kinyume unabadilishana nyaya mbili, basi, hata usingizini angefanya. Kuna mambo mtu hafundishwi na mwalimu wa darasani.

Wiki tatu zikapita, ikapita na ya sita, na habari ya kuondoka hakuna aliyeigusa. Goti lilipona, mkongojo ukawa wa kuonyeshea makosa. Mama alihamishia kiti chake bandani, akavaa koti la zamani la fundi lililomfika magotini, akapima seli za betri moja baada ya nyingine na kuandika kwenye daftari kwa mwandiko kama wa chapa. Ni yeye aliyegundua kwamba seli ya kumi na tisa ilikuwa inadanganya: ikipumzika inaonyesha nguvu, ikipewa kazi inazimia.

"Nina wanafunzi niliowajua hivyo," alisema. "Itoe."

Fundi akaitoa, na tatizo lililomsumbua mwezi mzima likaisha papo hapo. Kesho yake alirudi na mto laini wa kiti na kuuweka pale bandani, akidai umeokotwa.

Muuguzi alirudi kutoka zamu jioni moja akakuta jiko limelala, na sauti mbili zinabishana bandani kuhusu joto la mota. Alisimama mlangoni na kapu lake.

"Mmekula?"

Wakamtazama kama mtu aliyewauliza habari za nchi za mbali.

"Nilidhani nimeolewa na mtu," alisema muuguzi. "Kumbe nimeolewa na gereji, na mama yangu ndiye meneja."

Siku ya kujaribu ikafika. Walilipandisha gari kwenye jeki, magurudumu ya nyuma yakiwa hewani. Fundi akawasha mota peke yake. Magurudumu yakazunguka laini, bila mlio, kama feni. Mama akapiga makofi, fundi akapiga makofi, na jirani yao, aliyeitwa Redio kwa sababu ya kazi aliyoifanya bila mshahara, akapiga makofi kutoka getini alikokuwa amekuja kuchungulia. Walipiga makofi sana. Hakuna hata mmoja aliyetazama magurudumu yanazunguka kuelekea wapi.

Wakalishusha. Mtu mmoja alitakiwa aketi kwenye usukani, mwingine asikilize injini huku boneti iko wazi.

"Nitakaa mimi," alisema mama.

"Mama, goti..."

"Daktari amesema nilifanyishe mazoezi. Nimeendesha magari kabla hujazaliwa, bwana huyu. Nitasogea mbele hatua mbili tu."

Aliingia, au tuseme alizama, mkoba ukiwa mapajani. Akawasha petroli. Injini ikanguruma vizuri. Akatia gia ya kwanza, akaachia klachi polepole, akakanyaga mafuta kidogo, na hapo kompyuta ndogo iliyokuja na mota ikaona wakati umewadia wa kuita umeme.

Gari halikwenda mbele. Halikwenda nyuma pia. Lilisimama palepale likitetemeka mwili mzima, petroli ikivuta huku, umeme ukivuta kule, vioo vikilia, kofia ya fundi ikicheza juu ya injini na kuanguka. Fundi alielewa kwa sekunde moja, na sekunde hiyo ilimuuma kuliko lile bamba la chuma. Nyaya tatu. Mpangilio.

"Zima, Mama! Zima!"

Kwa makelele yale mama alisikia "Gia!" Akaitoa gia. Petroli ikaachwa ikinguruma bure, na umeme, uliobaki peke yake uwanjani, ukaondoka na gari.

Lilirudi nyuma, likapita katikati ya geti, ambalo Redio aliliacha wazi, bila kugusa nguzo, jambo ambalo fundi mwenyewe hajawahi kuliweza hata na baiskeli. Redio aliruka pembeni akaacha kandambili moja. Gari likavuka barabara, mama akiwa amekaa wima, macho mbele, likiwa linakwenda nyuma kwa heshima zote, likapanda rundo la mchanga ambalo Redio alilimwaga miaka minne iliyopita kwa ajili ya chumba cha wageni, likazama hadi kwenye taa, likazimika.

Fundi alifika akihema, uso umemwisha damu. Alijiona tayari anampigia simu mkewe wodini.

"Mama! Mama, umeumia?"

Mama mkwe alifungua mkoba, akatoa miwani, akaifuta, akaivaa.

"Breki za gari lako hazifanyi kazi," alisema.

Fundi aliinama akachungulia. Akaona mguu wa mama. Akaona na mahali ulipokuwa bado umekanyaga. Alitaka kunyamaza, kwa maana kuna mambo mkwe hasemi. Lakini mama naye aliinamisha macho, akayaona yale yale, huku Redio akiulizia kandambili yake.

"Hii," alisema mama hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo wanafunzi wake wa miaka yote thelathini na mmoja hawakuwahi kuisikia, "si breki."

"Si breki, Mama."

"Nimekanyaga mafuta."

"Ndiyo, Mama. Lakini lingerudi nyuma kwa vyovyote. Uliniandikia nithibitishe zile nyaya. Sikuthibitisha. Niliona najua."

Mama alimwangalia kwa makini, kana kwamba mtu mwingine amekuja akaketi mahali pa yule wa siku zote. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Fundi aliogopa, alidhani ni goti, alidhani ni kilio. Kumbe ni kicheko, kile cha kukosa pumzi, na miwani ikaanguka mchangani, na fundi akajikuta ameketi chini kando ya mlango akicheka hadi mbavu zinamuuma. Muuguzi aliporudi kutoka zamu, habari ilikuwa imeshamfikia kituo cha basi, na toleo la Redio lilikuwa na moto na watu watatu waliozirai.

Walibadilisha nyaya mbili kesho yake, kazi ya dakika tano. Mama alishika tochi. Walipolijaribu tena, gari lilitoka bandani kwa umeme, kimya, injini ya petroli ikapokea kazi pale kona ya duka, na fundi alihisi tu kiti kikimsukuma mgongoni. Alizunguka mtaa mara sita. Mara ya saba alimpitia mkewe, na muuguzi, baada ya kusema kwamba hapandi kitu hicho, alipanda, akavua viatu, akataka liende kasi zaidi.

Kilichobaki kilikuwa ukaguzi. Mkaguzi wa magari alikuwa kijana mpole mwenye kompyuta ngumu.

"Linatumia petroli au umeme?"

"Vyote viwili," alisema fundi.

"Kampuni iliyoliunganisha?"

"Ni mimi hapa na mama."

Mkaguzi alibonyeza, kompyuta ikakataa. Akabonyeza tena. Alilikagua gari lenyewe saa nzima, breki, taa, nyaya, akakiri kwamba hajaona nyaya zilizopangwa vile, kila mmoja na jina lake. Lakini kwenye orodha hapakuwa na gari la namna hiyo. Mama mkwe alizunguka meza, akaegemea bega la mkaguzi, akashuka na orodha hadi chini kabisa.

"Hapa," alisema. "Mengineyo."

"Hiyo ni ya trekta na mashine za kukandia zege, Mama."

"Huna namna ya kuthibitisha kwamba hili halikandi zege."

Likasajiliwa. Njiani kurudi, mama alisema, akitazama nje, kwamba Jumamosi ataondoka, nyumba yake imekaa peke yake vya kutosha. Fundi alisema sawa, Mama. Alishangaa jinsi neno hilo lilivyokuwa zito kulitamka.

Jumamosi aliamka mapema apashe gari moto, ampeleke stendi. Akageuza ufunguo. Kimya, maana siku hizi hata petroli iliamshwa na mota. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akakuta fyuzi ya mota haipo. Haikuungua, ilikuwa imechomolewa, na kifuniko kikarudishwa vizuri, kimebanwa sawasawa. Mfukoni mwa shati fundi alikuwa na pakiti nzima ya fyuzi kama hiyo.

Aligeuka. Mama mkwe alikuwa ameketi barazani, amevaa nguo za safari, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Kuna tatizo?" aliuliza.

"Naona limegoma, Mama."

"Nilihisi. Ni kitu cha haraka?"

Fundi alipapasa mfuko wa shati, akauacha.

"Hapana. Hili la kuchunguza taratibu. Nafikiri itabidi tuifungue mota yote."

"Isifunguliwe bila mimi, mwanangu," alisema mama, akaanza kuvua viatu vya safari.

Muuguzi akatoka na sanduku la kwanza. "Basi linaondoka saa mbili. Kama gari bovu niite teksi!"

Wote wawili walimgeukia kwa uso wa watu walioambiwa nyumba inauzwa. Aliwatazama, mmoja kisha mwingine, akatikisa kichwa, akalirudisha sanduku chumbani.