Karatasi ya Julai

Tadei alikuwa na kazi mbili, na moja ilikuwa ya kuongopa. Hiyo ndiyo iliyomlisha. Kibandani kwake, karibu na soko la Katesh, alitundika pazia kubwa lililochorwa nyumba ya ghorofa, bustani ya maua na gari jekundu ambalo tairi zake mchoraji alizikosea. Mbele ya pazia hilo wauza mchicha na wabeba mizigo walisimama wakatoka wenye mali. Aliyefiwa akileta picha ya marehemu akiwa kifua wazi, Tadei alimvisha suti kwenye kompyuta, akamfunga na tai, na msibani watu wakamlilia bwana mkubwa. Hakuna aliyelalamika. Maskini naye anapenda kupendeza, nani amkataze?

Kazi ya pili haikumpa hata chumvi, ila ndiyo aliyoipenda. Asubuhi, kabla wateja hawajaja, alishuka na kamera yake mpaka mtaa wa korongoni akawapiga watu picha kama walivyo: mama anayemwogesha mtoto kwenye beseni lililopasuka, wazee wanaogombea kata ya pombe jua halijapanda, mgonjwa aliyetolewa nje kuota jua. Mwanzoni walimtukana, wakasema anawauza kwa Wazungu. Baadaye wakamzoea, kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani.

Benedikta alikuwemo kotekote, kwenye pazia na korongoni. Mumewe, Gidion Sulle, alikwenda migodini akaahidi kurudi Krismasi. Krismasi zikapita, simu yake ikawa haipatikani. Benedikta akabaki na binti yao mdogo, Violeth, na mawe ambayo mlima uliyamwaga mtaani mwaka wa maporomoko ya tope. Aliyagonga yakawa kokoto, akawauzia wajenzi. Kazini alivaa koti la Gidion, koti zito la kijani, maana vipande vya mawe huruka na ngozi haina spea.

Wakwe zake walikuwa Masieda, upande wa Mbulu, na hawakujua lolote. Si kwamba Benedikta alikuwa na kiburi. Siku ambayo wazee wangejua kwamba mtoto wao ametoweka na mjukuu anakulia juu ya mawe, wangekuja kumchukua Violeth, na hakuna mtu katika ukoo wala kanisani ambaye angesema wamekosea. Mtoto ni wa kwao baba yake. Kwa hiyo kila Krismasi na kila Pasaka Benedikta aliazima gauni, akamwazimia Violeth viatu, wakasimama mbele ya ghorofa la pazia wakacheka. Tadei akamchomeka Gidion pembeni yao. Alikuwa na picha moja tu ya Gidion, ya siku ya ndoa, kwa hiyo kichwa kilikuwa kilekile na suti ndizo zilizobadilika. Picha zikaenda Masieda, wazee wakamshukuru Mungu.

"Na hizi zako za mtaani, kaka Tadei," Benedikta alimwuliza siku moja, nyundo mkononi, "zinabaki kwako?"

"Zinabaki kwangu, mama Violeth."

Na zingebaki, kama si sifa. Kwaya moja ya pale mjini ilitaka kutengeneza kalenda, na mwenyekiti wake alipoziona zile picha kwenye kompyuta alishika kichwa. "Tadei! Vitu hivi unavificha?" Mtu aliyengoja kusifiwa miaka yote hiyo, ukimsifu mara moja atakupa hata kitanda anacholalia. Tadei akatoa picha sita, kila moja miezi miwili. Ya Julai na Agosti ilikuwa ya Benedikta: ameinama, nyundo iko hewani, vumbi limemtapakaa usoni, na Violeth amekaa juu ya lundo la kokoto. Chini yake wakaandika: *Kazi ni sala*. Tadei alijiambia kwamba uso wenyewe hauonekani vizuri.

Baada ya Pasaka wanakwaya wakaenda kuimba kwenye jubilei huko Masieda. Waliporudi walijisifu kwamba kule hakuna nyumba waliyoiacha bila kalenda. Siku hiyohiyo Tadei alishuka korongoni akamweleza Benedikta ukweli.

Benedikta aliweka nyundo chini.

"Umeniuza," alisema. "Nilikuuliza kabisa, kwa mdomo wangu, ukaniambia zinabaki."

Alilia, akajifuta kwa mkono wa koti, vumbi likawa tope mashavuni. Tadei alisimama pale akiona aibu mpaka akatamani apigwe. Kisha Benedikta akatulia, akafikiri.

"Iache," alisema. "Wazee wale hawaoni vizuri, na uso wangu hauonekani. Usimwamshe aliyelala."

Ulikuwa ushauri mzuri, na ndiyo maana haukufuatwa. Dhamiri ilimla Tadei mwezi wa Mei wote. Mwishoni mwa Juni uvumilivu ukamshinda. Bila kumwambia Benedikta, alipanda gari la Haydom linalopita Balangdalalu, akamalizia safari kwa bodaboda mpaka kwa mzee Agustino Sulle, baba yake Gidion. Alisema anatoka kupiga picha za kipaimara kijiji cha jirani, akaona si vizuri kupita bila kuleta salamu za mkwe wao.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanetu. Karibu ukae."

Mama Fransiska, mkewe mzee, alimletea maziwa mgando kikombe kizima. Ukutani zilipangwa picha zote za pazia, zimefutwa vumbi, na chini yake ilining'inia kalenda, bado ipo kwenye Mei na Juni. Mama yule alisogea akamgusa mwanawe kwa kidole.

"Gidion wangu huyu. Kila picha anacheka vilevile. Hazeeki."

Tadei aliinua kikombe akanywa ili asijibu.

"Naona na ninyi mna kalenda ya kwaya yetu," alisema baadaye, akanyoosha mkono kama anayetaka kuipekua.

"Hiyo hatuifunui mbele," mzee Agustino alimzuia. "Mwezi ambao Mungu hajauleta, unaufungulia nini?"

Walicheka wote watatu. Mzee akatoka kwenda kuangalia ng'ombe, mama akaenda jikoni kumtafutia mgeni makande, na Tadei akabaki peke yake na ukuta. Aliinua karatasi ya Juni, akainyofoa iliyokuwa chini yake, akaikunja akaitia ndani ya shati. Makande alikula akashiba. Njiani kurudi alijiona mwepesi, mjinga wa watu, akapiga hata mluzi.

Julai haikufika katikati. Asubuhi moja mzee Agustino aliingia kibandani, fimbo mkono mmoja, Violeth mkono wa pili. Tadei alimwamkia. Mzee aliitikia, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Kijana, ulikunywa maziwa yangu."

"Ndiyo, baba."

"Mimi kwenye kalenda naangalia tarehe. Picha ni za watoto. Ukiniuliza Mei palikuwa na picha gani, siwezi kukwambia. Lakini mtu akikuibia mwezi, lazima uutafute. Tarehe moja nafunua, nakuta Septemba. Nikaenda kwa jirani, nikamwambia nifunulie Julai yako. Nikaibeba nje kwenye mwanga, nikaiangalia mpaka jirani akachoka na mimi."

Tadei aliinamisha kichwa.

"Nikaona koti," mzee aliendelea. "Lile koti nililinunua mimi mnadani, Gidion alipooa. Vifungo nilishona mwenyewe. Nikajiuliza, koti liko kwenye mawe, mwenye koti yuko wapi?"

"Hatujui, baba. Hakuna anayejua."

"Na huyu anayecheka ukutani kwangu?"

"Ni picha moja tu. Ya siku ya ndoa."

Violeth alikuwa anachezea pindo la pazia, pale kwenye tairi za lile gari. Hatimaye mzee alijipangusa uso kwa kiganja.

"Mama yake Gidion sijamwambia," alisema. "Nashindwa nianzie wapi. Ila mjukuu naondoka naye leo, mama yake nimeshaongea naye. Mpige picha mtoto, mama yake abaki na kitu cha kumtazama."

Tadei alimsimamisha Violeth mbele ya ghorofa. Safari hii hapakuwa na viatu vya kuazima, wala mtu wa kumshika mkono. Lakini alishafundishwa kwamba hapa mtu anacheka, akacheka. Tadei alibonyeza kamera, macho yake yamejaa machozi, akamwona mzee anamwinua mtoto na kuvuka naye barabara kwenda stendi. Hakuna aliyemlaumu zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililomuuma.

Alasiri Benedikta akaja. Alikuwa amevaa koti, vumbi jipya limemjaa mabegani. Mtoto anachukuliwa, naye akarudi kwenye mawe, maana angefanya nini? Hakumtukana Tadei. Aliegemea meza akamtazama Violeth kwenye kompyuta, anavyocheka peke yake mbele ya maua.

"Nilikwambia uiache," alisema.

"Uliniambia, mama Violeth. Nisamehe."

Msamaha hakutoa, wala hakukataa. Alikuwa na jambo lake.

"Niweke na mimi hapo. Kama ulivyokuwa unamweka baba yake."

Tadei akaharakisha kufungua picha ya Pasaka, ile ya gauni zuri.

"Siyo hiyo. Weka ya mawe."

"Ile una vumbi. Na umeshika nyundo."

"Nyundo itoe. Vumbi liache. Mwanangu ananijua hivyo."

Tadei akaifungua picha ya Julai. Alimkata Benedikta taratibu, koti na vumbi lake, akamweka pembeni ya Violeth. Kwa kuwa alikuwa ameinama, ikawa kama anamwinamia mtoto kumwambia neno. Kisha akaifuta nyundo. Mkono ukabaki hewani mtupu, umeinuliwa, kama mkono wa mtu anayeaga.

Tadei aliona, akageuka. "Niushushe?"

Benedikta aliutazama ule mkono muda mrefu.

"Uache," alisema. "Ipeleke Masieda. Waambie waitundike chini, mtoto aweze kuifikia."