Kitundu cha Hewa cha Merzak

Nimesema uongo mwingi maishani, na mwingi wake haukumdhuru mtu. Niliwahi kuwaambia watu wa Bab el Oued, mtaa wetu hapa Algiers, kwamba maknin wa marehemu baba aliimba vizuri hata meli moja ikagoma kuondoka bandarini, na wakaninunulia kahawa. Uongo ninaotaka kuueleza hapa haukunipatia hata kahawa.

Maknin ni ndege mdogo, uso mwekundu, bawa lina mstari wa manjano. Mtaani kwetu mwanamume anaweza kusahau jina la mkwe wake, lakini hawezi kusahau kumfunika ndege wake kitambaa upepo ukivuma. Jirani yangu Merzak, fundi saa aliyestaafu, alikuwa na maknin aitwaye Bey. Bey aliimba kama wenzake, ila katikati ya wimbo alitia mluzi ambao tuliamini hakuna ndege mwingine Algiers nzima aliyekuwa nao: sauti tatu za kupanda, moja ya kushuka. Ulikuwa mluzi wa Zulikha, mke wa Merzak. Kwa miaka thelathini Zulikha aliupiga pale barazani kumwita mumewe aliyezama mkahawani, na Bey akaudaka. Zulikha alifariki miaka miwili iliyopita. Mluzi ukabaki kwa ndege.

Sasa mtaelewa kwa nini nyumba ya Merzak ilikuwa kama hospitali. Alitupa kikaangio kile cheusi kisichoshika chakula, maana kikiungua hutoa mvuke unaoua ndege kabla mwenye nyumba hajasikia harufu. Dawa ya kung'arisha choo haikuingia. Ubani haukufukizwa, hata usiku wa ishirini na saba wa Ramadhani. Kila sufuria ya maji ilikuwa na kifuniko, na kioo cha ukumbini kiligeuzwa ukutani ndege asije akakirukia. Nilimwambia, "Bwana, wewe ungeweza kumlinda balozi." Akajibu, "Balozi hajui kupiga mluzi."

Ilikuwa Januari, mvua siku ya tatu. Jana yake Merzak alikuwa amesema mbele ya watu kwamba ndege wangu anaimba kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Watu walicheka sana. Mimi nikalala na neno hilo moyoni.

"Lakhdar, una nini leo?" akaniuliza mkahawani. "Umekaa kama umemeza kijiko."

"Namsikitikia Bey wako, ndugu yangu."

"Bey ana nini?"

"Yeye hana kitu. Bado. Ila ndege wa Wardia, pale juu yako, ameshika sauti ya bawaba."

Vikombe vikasimama hewani. Sauti ya bawaba ni kile kilio cha mlango usiotiwa mafuta. Maknin akiishika haimtoki, na akiiimba, wanaomsikia nao huishika. Ndicho kitu tunachokiogopa kuliko paka.

"Wallahi?"

"Kwa masikio yangu haya mawili. Kule mtaa wa Belcourt alikuwepo mmoja tu mwenye nayo. Kwa mwezi wakaharibika arobaini na mmoja, pamoja na kasuku wa daktari. Wagonjwa wakawa wanasubiri mlango ufunguke, kumbe ni kasuku."

Wote wakaangua kicheko isipokuwa Merzak. Aliacha kahawa nusu akaondoka, koti likiwa bado mkononi, kwenye mvua ile. Ndege wa Wardia, niseme hapa, alikuwa na sauti safi kama maji ya chemchemi.

Kesho yake nilipanda ghorofa ya tatu kumtazama. Merzak alinifungulia mlango akiwa na gundi vidoleni. Alikuwa amepigilia mablanketi kwenye mlango wa baraza. Madirisha aliyabandika utepe pande zote. Juu ya mlango wa jikoni kuna kitundu cha hewa, kile ambacho watu wa gesi hawaruhusu kuzibwa, na ndicho kilichokuwa kikishusha sauti kutoka kwa Wardia. Alikuwa amekishindilia matambara mpaka kikajaa, kisha akapiga plasta.

"Sasa mwambie huyo bawaba aimbe," akasema, akijipangusa. "Apasue koo lake."

Hita ya gesi ilikuwa inawaka pembeni, chini ya kizimba cha Bey. Ningeweza kusema pale pale. Maneno yalinifika mdomoni. Lakini alikuwa amefurahi, na mimi nilikuwa nikichekea tumboni nikifikiria nitakavyolisimulia hili mkahawani. Nikanywa chai, nikaondoka. Ngazini nilihisi kichwa kizito kidogo. Nikasema ni umri.

Siku ya pili nilirudi. Vioo vilikuwa vinatiririka maji kwa ndani, na karatasi ya ukutani juu ya hita ilikuwa imepata kivuli cheusi. Moto wa hita, ambao hupaswa kuwa wa buluu, ulikuwa wa manjano na unalambalamba. Bey alikuwa amejivimbisha kama pamba, macho nusu yamefumba.

"Haimbi," Merzak akasema. Uso wake ulikuwa mwekundu isivyo kawaida. "Tangu jana. Anasikiliza, Lakhdar. Ile sauti bado inapenya mahali. Lazima nitafute inapopenya."

"Merzak, fungua dirisha."

"Una wazimu?"

"Hewa humu ni mbaya. Tazama moto huo! Mwenyewe kichwa hakikuumi?"

"Kinaniuma kwa kukosa usingizi. Nimekesha nikisikiliza."

Nikavuta pumzi. "Ndugu yangu, hakuna sauti ya bawaba. Niliitunga. Ulinikera na kile kiatu chako chini ya kitanda. Ndege wa Wardia hana ubaya wowote."

Akatabasamu lile tabasamu la mtu anayemtazama mcheza karata akificha karata mkononi. "Wardia kakutuma."

"Naapa kwa..."

"Usiape! Ulishaapa ile meli iligoma bandarini. Ulishaapa babu yako alimkopesha simba kofia." Alinisukuma mlangoni kwa upole kabisa. "Nenda, mzee. Ukifungua mlango sana, sauti inaingia."

Nilipiga mlango. Nilipiga tena. Nikasikia kitasa kikizungushwa mara mbili.

Asubuhi iliyofuata nilibisha, hakuitika. Mkahawani hakuwepo. Kiti chake kilikuwa kitupu, na hakuna aliyeuliza, maana watu wanajua mvua. Nikapanda tena, nikabisha kwa ngumi. Kimya. Kilichonitisha si kimya cha Merzak. Ni kwamba nilitega sikio mlangoni nisisikie hata ule mkwaruzo mdogo wa makucha kwenye waya.

Nikapanda kwa Wardia, mshonaji, mjane wa ghorofa ya nne. Alinifungulia akiwa na pini mdomoni.

"Dada, una ufunguo wa Merzak?"

"Zulikha aliniachia. Kwani kuna nini?"

"Uchukue. Njoo."

"Lakhdar, kama ni mchezo wako..."

"Wardia, kwa ajili ya Mungu!"

Sijui aliona nini usoni kwangu. Alitema pini zote mkononi akakimbia mbele yangu.

Hewa ya mle ndani ilitupiga kama mto uliolowa. Hita bado ilikuwa inawaka manjano. Merzak alikuwa chini, ameegemea kochi, kinywa wazi, kitambaa cha kizimba mkononi. Wardia alikanyaga mablanketi, akayang'oa, akasukuma mlango wa baraza mpaka ukagonga ukuta. Mimi nilifunga gesi, nikamshika Merzak makwapani nikamburuta mpaka ngazini. Alikuwa mzito kama kabati. Wardia alimpiga makofi akiliita jina lake, halafu jina la Zulikha, halafu jina lake tena. Alipokohoa, mimi ndiye niliyelia.

Watu wa gari la wagonjwa walipomchukua, nilirudi ndani. Bey alikuwa sakafuni mwa kizimba, kifudifudi, bawa moja limefunguka na mstari wake wa manjano. Alikuwa na uzito wa barua isiyo na kitu ndani.

Merzak alirudi baada ya siku tano, amepungua. Mlango wa baraza alikuwa ameuacha wazi, hita hakutaka kuiona. Alikaa na koti na kofia ndani ya nyumba yake kama msafiri aliyekosa gari. Plasta na matambara nilikuwa nimevitoa mwenyewe, kwa patasi.

"Sitausikia tena," akasema. Nilijua anasema juu ya ule mluzi.

"Merzak, ni mimi niliyemuua. Sikiliza vizuri. Ile sauti ya bawaba..."

"Angalau hakuishika," akanikatiza. "Alikataa kuimba, kuliko kuishika. Alikufa na wimbo wake safi."

"Haikuwepo, bwana wee! Niliitunga!"

"Hata kwenye msiba huachi kutunga," akasema, bila hasira. Nikaona kwamba sina neno lolote ambalo angelipokea kutoka kwangu. Maneno yangu nilikwisha kuyamaliza kwa uongo.

Hapo ndipo sauti ilipotoka kwenye kitundu, juu ya mlango wa jikoni. Ndege wa Wardia alikuwa ameanza: mlolongo wa kawaida, safi, halafu katikati sauti tatu za kupanda, moja ya kushuka.

Merzak alisimama. Kumbe kitundu kile kilipitisha sauti huku na huku. Miaka miwili ndege yule wa juu alikuwa akimsikiliza Bey, nasi tukiusikia mluzi tulidhani ni Bey tu.

"Wardia!" nikaita kwenye kitundu. "Ameujua lini huo?"

"Muda mrefu," sauti yake ikashuka. "Ila juma lile alilokuwa hasikii kitu kutoka chini alianza kuukosea. Kila akibadili manyoya husahau jambo. Sijui kama kiangazi kikipita atakuwa nao."

Nilitaka kusema kitu. Merzak aliinua kidole, akavuta kiti mpaka chini ya kitundu, akakaa kwenye baridi.

"Nyamaza, Lakhdar," akasema. "Anaimba."