Bata Walioogelea Juu ya Nyasi

Asubuhi ya Alhamisi, katika siku za mwisho za Amshir, mwezi wa Kimisri wa pepo zisizo na adabu, Mitwali Abu Shusha alikuwa akimwagilia nyasi mbele ya nyumba namba kumi na saba pale bata thelathini na kitu walipotua. Walizunguka mara mbili wakitokea kaskazini, wakanyoosha miguu, wakateleza kidogo, kisha wakatulia usawa wa kifua chake. Chini yao palikuwa na hewa, na chini ya hewa palikuwa na nyasi alizozikata jana. Wakaanza kuogelea.

Mitwali alifunga bomba.

"Mwaka huu mmechelewa," aliwaambia.

Alikuwa anaujua usawa ule. Miaka minne nyuma, pale palikuwa pembe ya kusini ya ziwa, na maji yake yalimfika mtu mzima kifuani. Kisha akaja Rushdi Pasha, ambaye cheo hicho cha upasha hakupewa na mtu ila wale wanaomtegemea. Alijenga tuta la udongo kuikata ile pembe, akaleta mashine za kuvuta maji, na baada ya miezi kumi na moja ikabaki mbuga ya chumvi. Akatandaza udongo mzuri, akajenga nyumba arobaini, akazizungushia ukuta, na mahali hapo akapaita Kijiji cha Ziwani.

Watu wa kijiji jirani cha Izbat Samara, waliokuwa wakiwinda na kuvua pale tangu enzi za babu zao, walifungua kesi. Pasha alijibu kwa karatasi moja yenye mihuri mitatu: mahali pale hapajawahi kuwa na maji. Kesi ikalala. Mitwali, ambaye hapakuwa na mwindaji wa kumfikia kwenye ufuko ule wote, aliomba kazi ya kutunza bustani. Binti yake Sanaa alikuwa amechumbiwa, na kitanda cha bibi harusi hakinunuliwi kwa kesi.

Kufikia adhuhuri bata walikuwa wameenea kila mahali. Wawili waliingia kwa dirisha la jiko la nyumba namba tisa, wakapita juu ya meza, wakatokea mlango wa nyuma. Mpishi aliinua sufuria ya mchuzi ili wapite.

Shaaban, kaka yake mke wa Mitwali, alikuwa bawabu pale getini. Alikuja na glasi mbili za chai, wakasimama kuwatazama.

"Wamekonda," Shaaban alisema.

"Mwisho wa msimu. Walionona wameshaliwa."

"Sasa niambie, shemeji. Bata akiogelea, chini yake kuna nini?"

"Nyasi. Nimezikata mwenyewe."

"Mimi ni bawabu, si punda. Chini yake kuna ziwa. Na kukiwa na ziwa, kuna kesi."

Jioni Mitwali alimsimulia mkewe, Nabawiya, aliyekuwa akichambua mchele kwenye sinia. Nabawiya hakuinua kichwa.

"Umejaribu mtumbwi?"

"Mtumbwi gani? Ule ni banda la kuku."

"Basi watoe kuku, baba Sanaa."

Siku ya pili, baada ya swala ya Ijumaa, waliuleta mtumbwi wa marehemu baba yake Mitwali kwa mkokoteni wa punda, mavi ya kuku yakiwa bado yamegandamana ndani. Shaaban alifungua geti, akatazama upande mwingine. Wakauinua mtumbwi hadi kifuani, wakauachia. Ulielea. Ulivuja kidogo upande wa kushoto, mahali ulipokuwa ukivuja siku zote. Mitwali alipanda, akachukua upondo, akasukuma. Aliupita ua wa waridi, akaipita bembea, akaitoa bunduki ya marisau, na kabla ya saa kumi alikuwa ameshaangusha bata wanne.

Waliosimama chini hawakulowa. Jambo hilo halikumsumbua mtu. Anayeingia kwa geti ameingia bustanini. Anayeingia kwa mtumbwi ameingia ziwani. Watu wa Izbat Samara waliona kwamba ni haki.

Rushdi Pasha alitoka varandani na joho lake la nyumbani. Mitwali akajiandaa kufukuzwa kazi.

"Wanapigika?" Pasha aliuliza.

"Wanapigika, Pasha."

"Na nyama yao?"

"Nzuri, mke wa mtu akijua kuijaza ngano."

Pasha aliwatazama bata kwa muda mrefu, kwa lile jicho ambalo watu wa Izbat Samara walikuwa wamelizoea, jicho la mtu anayetazama kiwanja. Akarudi ndani.

Jumatatu alikuja mkaguzi wa mahakama, Ustadhi Wagdi, mtu mwembamba mwenye mkoba, baada ya Shaaban kuandika barua iliyotiwa dole gumba na Izbat Samara nzima. Watu walijipanga ukutani. Mkaguzi alisimama kwenye nyasi, akainua fimbo yake ya kupimia, akaipitisha katikati ya bata wawili, akaishusha hadi chini. Akaipapasa.

"Kavu," alisema, akaandika.

"Panda mtumbwi, ustadhi," Nabawiya alimwambia. "Ziwa halipimwi kwa chini. Hata mtoto hapimwi urefu kwa nyayo."

Mkaguzi alikuwa mtu wa haki, na pia watu arobaini walikuwa wakimtazama. Alipanda. Walipofika katikati aliinama kuchungulia bata wa mbao ambao Mitwali alikuwa amewatega kama chambo, mtumbwi ukayumba, naye akatumbukia. Aliangukia kwenye nyasi, akainuka amelowa kuanzia kofia hadi soksi, na kwenye mfuko wa koti lake alikuwamo perege mdogo anayerukaruka.

Pasha ndiye aliyesema kwanza.

"Pole sana, ustadhi. Ni mpira wa bustani. Huyu Mitwali ana mchezo wa kuacha bomba wazi."

Mkaguzi alitema maji, akafungua faili lake lililorowana.

"Wewe ndiye mtunza bustani?"

"Ndimi."

"Hili ni bomba lako?"

Mitwali aliwaza kitanda, kabati, na friji ambayo wakwe walikuwa wameitaja mara mbili kwa njia ya mzaha. Ilitosha aseme neno moja. Alimtazama Nabawiya, lakini Nabawiya hakumsaidia. Alikuwa akimtazama yule perege, kwa sababu alikuwa na miaka minne hajamwona wa upande ule wa ziwa.

"Bomba nimelifunga tangu Alhamisi," Mitwali alisema. "Hilo ni ziwa, ustadhi. Ziwa letu."

Mkaguzi aliandika neno kwa neno, akamtia perege mtumbwini, akaondoka akiacha alama za maji mpaka getini.

Hukumu ilikuja baada ya siku tisa. Shaaban aliisoma kwa sauti barabarani, mbele ya duka la mikate. Fungu la kwanza lilisema kwamba maji yapo. Wanawake walipiga vigelegele. Shaaban akasoma fungu la pili, na sauti yake ikawa inashuka kidogo kidogo kama mtu anayeteremka ngazi asiyoiamini. Maji yaliyozungukwa na ukuta wa mtu binafsi pande zote nne, lilisema, kisheria ni bwawa la kuogelea. Bwawa ni la mwenye ukuta. Hilo halipingani na ile karatasi ya mihuri mitatu, kwa kuwa bwawa ni jipya.

"Soma tena," Nabawiya alisema.

Shaaban alisoma tena. Haikubadilika.

Mitwali hakufukuzwa. Alipandishwa cheo akawa mhudumu wa bwawa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuopoa manyoya kwa wavu. Mtumbwi ulikutwa ndani ya bwawa, kwa hiyo uliandikwa kuwa kifaa cha bwawa. Kila Ijumaa Pasha alileta wageni wa kuwinda. Sanaa alipata kitanda, na friji pia, na wakwe walisema ile ilikuwa mzaha tu.

Siku ya mwisho ya msimu mgeni alikuwa daktari wa meno kutoka Kairo, mwenye buti mpya zilizolia kila alipogeuka. Mitwali alimpeleka hadi nyuma ya safu ya nyumba za mwisho. Kundi la mwisho lilikuwa juu, likijipanga kuelekea kaskazini.

"Waite, haji," daktari alisema. "Wanasema wewe unaijua lugha yao."

Alikuwa anaijua. Kuna mlio wa kuwaambia njooni, chakula kipo, na kuna mlio wa kuwaambia ondokeni, mnauawa. Huu wa pili baba yake alimfundisha mara moja tu, ili aujue asije akautoa kwa bahati mbaya. Mitwali alikunja viganja mdomoni, akatoa ule wa pili. Aliutoa vizuri, kwa pumzi yake yote, mara tatu.

Bata walipunguza mwendo. Walikuwa wamepigwa risasi kwenye kila maji kuanzia huko kwenye barafu mpaka hapa, na kila mahali aliyewaita alikuwa mwongo. Walimsikiliza mtu aliye ndani ya mtumbwi akiwaambia wakimbie. Wakalitafakari neno hilo, wakapinda shingo, wakageuka wote kwa pamoja, wakashuka.

Daktari aliangusha sita.

"Mashallah," alisema, akitoa maganda ya risasi. "Kweli unajua kuwaita."

Mitwali aliwaokota mmoja mmoja, akawalaza kwenye sakafu ya mtumbwi, vichwa upande mmoja. Kisha akashika upondo, akasukuma kuelekea varandani, ambako chai ilikuwa imeshamiminwa.